MAISHA YA JEANNE JUGAN, NA NGAZI ZA KUWATUNZA WAZEE

Ni desturi ya kijitabu hiki, zikiisha hesabu za mapato na matumizi, kumpa msomaji habari za maisha ya mtu mmoja aliyewafaa wenzake, ili tusije tukadhani ya kuwa kazi ya chama ni kuhesabu shilingi tu. Mwaka huu tumemchagua mwanamke aliyezaliwa mbali sana na Naivasha, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, asiyekuwa na mali wala elimu kubwa. Jina lake ni Jeanne Jugan wa Ufaransa. Tumemchagua kwa sababu jambo alilolishughulikia siku zake zote ndilo linalotusumbua sisi hapa Kihoto: mtu akizeeka naye hana wa kumtazama, akae wapi, atunzwe na nani, tena atunzwe kwa kadiri gani?

Neno hili likitajwa katika mikutano, wanachama hugawanyika pande mbili. Wako wasemao kwamba mzee hana budi kubaki kwake, na ya kuwa kumpeleka katika nyumba ya wazee ni aibu, hata laana. Wako na wengine wapendao ijengwe nyumba moja kubwa, na wazee wote wasio na watu watiwe humo, kazi iishe. Twaona pande zote mbili zimesahau jambo moja. Utunzaji wa wazee si kitu kimoja. Una ngazi zake, kama ngazi ya nyumba, na kila mzee ana mahali pake pa kusimama. Ubaya hauko katika kukaa kwake wala katika kukaa nyumba ya wazee. Ubaya ni kumweka mtu kwenye ngazi isiyo yake. Maisha ya Jeanne Jugan yalizipitia ngazi hizo moja baada ya nyingine, kwa hiyo anayeyasoma huzielewa bila kufundishwa sana.

Jeanne alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1792 huko Cancale, mji mdogo wa wavuvi katika pwani ya Bretagne. Wakati ule nchi ya Ufaransa ilikuwa katika machafuko ya mapinduzi. Baba yake alikuwa mvuvi, naye alipotea baharini Jeanne akiwa bado mtoto mdogo sana. Mama akabaki na watoto wa kulisha, akifanya vibarua vya siku moja moja. Jeanne alijifunza kuchunga ng'ombe, kufuma na kusali. Alipopata umri wa miaka kumi na sita hivi, akaenda kuwa mpishi msaidizi katika nyumba ya bibi mmoja mwenye cheo, ambaye alikuwa akienda kuwatazama maskini na wagonjwa katika nyumba zao, akamchukua Jeanne afuatane naye. Huko ndiko alikojifunza namna ya kuingia katika nyumba ya maskini bila kumdharau mwenyewe. Kijana mmoja baharia alimposa mara mbili, naye akakataa mara zote mbili.

Mwaka wa 1817, akiwa na miaka ishirini na mitano, Jeanne aliondoka Cancale akaenda mji wa Saint-Servan ulio karibu. Alifanya kazi katika hospitali ya mji ule kwa miaka sita hivi, akiwauguza wagonjwa, hata nguvu zake mwenyewe zikamwishia. Basi akaacha, akapata kazi nyepesi zaidi kwa bibi mmoja aliyeitwa Lecoq, aliyekuwa amemzidi umri kwa miaka mingi. Mwanzoni Jeanne alikuwa mtumishi wake. Baadaye walikaa kama ndugu, wakisali pamoja, wakiwafundisha watoto dini, na kuwatembelea maskini. Bibi Lecoq alipozidi kudhoofika, Jeanne ndiye aliyemtazama, mpaka alipofariki mwaka wa 1835, akamwachia Jeanne fedha kidogo na vyombo vya nyumba.

Hiyo ndiyo ngazi ya kwanza. Mzee alikaa katika nyumba yake mwenyewe, kati ya vitu alivyovizoea, na majirani waliomjua, naye alikuwa na mtu wa kumpikia, kumfulia, na kumwinua siku za ugonjwa. Wazee wengi hawahitaji zaidi ya hayo. Katika mitaa yetu ya Naivasha twawajua wazee wawezao kuishi vizuri katika chumba chao, ikiwa tu pana mtu wa kuwatekea maji, kuwanunulia makaa, kuwasindikiza zahanati, na kupiga hodi kila asubuhi kuona kama wameamka salama. Kumwondoa mzee wa namna hiyo kwake ni kumwibia. Mtu aliyezoea kujipangia siku yake, akiisha kufanyiwa kila kitu, mikono na miguu yake husahau kazi, naye huzeeka upesi kuliko ilivyompasa.

Mnamo 1837 Jeanne alikodi vyumba viwili na dari pamoja na mwanamke mwingine jina lake Françoise Aubert, aliyekuwa na miaka sabini na zaidi. Msichana mmoja yatima, Virginie Trédaniel, akaja kukaa nao. Bibi mzee alibaki nyumbani akisokota nyuzi. Jeanne alikwenda kufua na kusafisha nyumba za watu kwa ujira wa kutwa. Na jioni walikula chungu kimoja. Hakuna aliyekuwa mwenye nyumba wala mgeni. Hii ndiyo ngazi ya pili, nayo ni ya wale wasioweza tena kukaa peke yao, kwa upweke, au kwa umaskini, au kwa kuogopa usiku, lakini bado waweza kuoga, kuvaa na kutembea wenyewe. Wanachohitaji ni wenzi, paa lisilovuja, na chakula cha pamoja. Wauguzi hawahitajiki hapo, wala vitanda vya hospitali.

Majira ya baridi ya mwaka wa 1839 yalileta jambo lililoyageuza maisha ya Jeanne. Alipata habari za mjane mmoja, Anne Chauvin, kipofu, aliyekuwa amepooza upande mmoja wa mwili, na dada yake aliyekuwa akimtunza amepelekwa hospitali. Mtu kama huyo hawezi kuachwa peke yake hata siku moja. Jeanne hakuitisha mkutano. Alimchukua yule mjane, akampandisha ngazi za nyumba ile nyembamba, akamlaza katika kitanda chake mwenyewe, naye akaenda kulala darini. Haukupita muda mrefu akaja wa pili, Isabelle Cœuru. Huyu alikuwa mtumishi wa nyumbani, na mabwana zake walipofilisika hakuwaacha; aliwahudumia bila mshahara, akatumia akiba yake, hata akaomba kwa ajili yao, mpaka walipokufa. Mwishowe akabaki mzee, mgonjwa, asiye na senti wala mahali pa kuweka kichwa. Virginie naye akampa kitanda chake.

Tunaomba msomaji aitazame vema habari ya huyu Isabelle, kwa maana wenzake wako katika Bonde la Ufa. Wapo waliofanya kazi miaka mingi katika mashamba ya watu au jikoni mwa watu, wakalea watoto wasio wao, na uzee ukawakuta hawana shamba wala ukoo wa karibu. Mtu wa namna hiyo hawezi kuambiwa arudi kwao, kwa sababu kwao palikuwa ni pale pale kazini.

Kwa Anne Chauvin twaiona ngazi ya tatu. Mzee wa ngazi hii akili yake yaweza kuwa timamu kuliko yetu, lakini mwili hautii. Yahitajika mikono ya mtu mwingine ili aoge, avae, ainuke kitandani, aende chooni. Jirani mwema hawezi kuifanya kazi hiyo kwa kupita mara moja kwa siku. Lazima pawe na mtu aliye karibu, aliyejifunza kumwinua mgonjwa bila kumwumiza, na kumsitiri anapomwosha. Heshima ya mzee kwenye ngazi hii imo katika mambo madogo: mlango unafungwa au unaachwa wazi? Anaulizwa kabla ya kuguswa, au anageuzwa kama mzigo?

Habari zikaenea Saint-Servan, na wazee wakazidi kuletwa. Mwaka wa 1841 Jeanne na wenzake walihamia nyumba kubwa zaidi iliyokuwa zamani kilabu cha pombe, na upesi wakawamo wazee kumi na wawili. Mwaka uliofuata walinunua nyumba iliyokuwa ya watawa, ingawa fedha mkononi hawakuwa nazo. Ndipo lilipozuka swali linaloua vyama vingi: chakula kitatoka wapi? Wale wazee walikuwa wamezoea kuombaomba njiani, na baadhi yao walitaka kurudi huko. Jeanne aliona kwamba kuomba kutawaangusha tena katika fedheha. Kwa hiyo akawauliza majina ya watu waliokuwa wakiwapa, akatwaa kikapu, akaenda yeye kwa watu wale wale, akawaeleza ya kuwa mzee fulani hataweza kuja tena, na kwamba sehemu yake ataichukua yeye. Akapokea mkate, nguo kuukuu, kuni, mabaki ya chakula, na senti. Haba na haba hujaza kibaba. Inasimuliwa kwamba siku moja mtu mmoja mwenye hasira alimpiga kofi. Jeanne akamjibu kwa upole kwamba kofi lile ni lake yeye, na sasa anaomba kitu cha maskini wake. Yule mtu akatoa.

Wazee wenyewe hawakukaa bure. Waliokuwa na nguvu walisokota na kuchambua nyuzi, na kazi yao ikaingiza kidogo katika mfuko wa nyumba. Jambo hili lilikuwa na maana kuliko fedha zake. Mzee aliyeletwa akiwa dhaifu kwa njaa na baridi, akiisha kula na kulala vizuri, aliweza kupanda tena ngazi aliyokuwa ameshuka. Na aliyekuwa na nguvu jana aliweza kuanguka leo, akahitaji kuuguzwa. Nyumba ilipokuwa na watu wa kila hali chini ya paa moja, mtu aliweza kutoka chumba cha wazima kwenda chumba cha wagonjwa, na kurudi, bila kutengwa na rafiki zake.

Tarehe 11 Desemba 1845 Akademia ya Ufaransa ilimpa Jeanne tuzo ya faranga 3,000 kwa ajili ya wema wake. Wakati huo, hata hivyo, alikuwa amekwisha kunyang'anywa uongozi. Wenzake walimchagua tena kuwa mkuu mnamo Desemba 1843, lakini padre aliyewasimamia, Auguste Le Pailleur, akaufuta uchaguzi ule na kumweka msichana mwingine mahali pake. Jeanne hakugombana. Alishika kikapu chake akaendelea kuomba, akafungua njia ya nyumba mpya huko Rennes, Dinan, Tours na Angers. Kila nyumba ilipoingia katika shida aliitwa yeye. Mwaka wa 1851 shirika lilifika hata London. Mwaka wa 1852 akaamriwa kuacha safari zake na kukaa katika nyumba kuu. Tangu siku hiyo hakuonekana tena barabarani, na yule padre alijitangaza kuwa ndiye mwanzilishi. Wasichana waliojiunga na shirika waliishi na kikongwe aliyeitwa Sista Marie wa Msalaba, pasipo kujua kwamba kazi yote ilianzia kitandani mwake. Ukweli ulikuja kufunuliwa baada ya kufa kwake.

Mwaka wa 1856 alihamishiwa nyumba ya La Tour Saint-Joseph, katika kijiji cha Saint-Pern, na huko aliishi hadi mwisho. Mwaka wa 1865, shirika lilipokuwa likitafakari kama lifae kupokea mapato ya kudumu, aliitwa barazani kutoa maoni, naye akashauri wasiyapokee, waendelee kutegemea majaliwa ya Mungu na wema wa watu. Macho yake yakafifia hata akawa karibu kipofu, kama Anne Chauvin aliyembeba zamani. Alitembea kwa mkongojo. Aliyewatunza wazee akawa sasa ni mzee wa kutunzwa. Alifariki tarehe 29 Agosti 1879, akiwa na miaka themanini na sita. Masista Wadogo wa Maskini walikuwa wamefikia 2,400 hivi. Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mwenye heri tarehe 3 Oktoba 1982, na mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009.

Uzee wake mwenyewe watuongoza kwenye ngazi ya nne, nayo ni ya mwisho. Hapa wamo wasioinuka tena kitandani, na wale waliopatwa na ugonjwa wa kusahau, wasiojua wako wapi, waweza kutoka usiku wakapotea. Hawa huhitaji uuguzi wa usiku na mchana: kugeuzwa kila baada ya saa chache ili wasipate vidonda vya kulala, kulishwa polepole wasipaliwe, kupewa dawa ya maumivu, na mtu wa kuwashika mkono saa ya kufa. Kumwacha mtu wa ngazi hii katika chumba cha kukodi, eti kwa sababu nyumba ya wazee ni aibu, ndiko kumtupa. Na binti anayemtunza mama wa namna hiyo peke yake, huku akienda kazini katika shamba la maua alfajiri, asihukumiwe akiomba msaada.

Kazi ya Jeanne haikubaki Ulaya. Masista wake wana nyumba Kasarani, Nairobi, iitwayo Nyumba ya Wazee, ambayo hupokea wazee maskini. Wala si watawa peke yao walioshughulika. Huko Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ilichukua jukumu la kuwatunza wazee wasio na watu katika nyumba za Sebleni na Welezo. Na tangu Aprili 2016 ikaanza kuwapa wote waliofika miaka 70 pensheni ya kila mwezi, iliyoanza kwa shilingi 20,000 za Tanzania. Kwetu Kenya, Katiba ya 2010 katika kifungu cha 57 yasema kwamba mzee ana haki ya kuishi kwa heshima, na kupata matunzo yafaayo kutoka kwa jamaa zake na kwa serikali. Basi jamaa na serikali wametajwa pamoja. Chama kama hiki chetu kimo katikati yao, kuona ni mzee gani ambaye jamaa hawapo na serikali haijamfikia.

Tunajua kwamba kwa lugha ya Kikuyu jina la mtaa wetu lina maana ya haki. Tunajua pia ya kuwa mwaka wa 2020 maji ya Ziwa Naivasha yalipanda yakaingia katika nyumba za Kihoto, watu wakahama. Wakati kama huo mwenye miguu hujiokoa, lakini asiyeweza kuinuka hatoki ila abebwe mgongoni. Chama kisichojua ni nani yuko kwenye ngazi ipi hakiwezi kujua aanze kubebwa nani.

Kwa hiyo twapendekeza jambo rahisi. Mwaka wa 1963 daktari wa Marekani, Sidney Katz, pamoja na wenzake walitoa orodha ya mambo sita ya kumpima mzee: je, aweza kuoga mwenyewe, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani au kitini, kujizuia haja, na kula kwa mkono wake? Mambo hayo hayahitaji chombo wala daktari. Yahitaji mtu mwenye adabu na muda wa kukaa kitako. Kila mjumbe wa mtaa ayaulize kwa upole kwa kila mzee aliye peke yake, tena aongeze la saba: kama mzee huyo anakumbuka siku na njia ya kwake. Awezaye yote asaidiwe pale pale alipo. Aliyeelemewa na upweke atafutiwe wenzi. Aliyeshindwa mawili au matatu apatiwe mikono ya kila siku. Aliyeshindwa karibu yote, au aliyepotelewa na kumbukumbu, atafutiwe nyumba yenye wauguzi, na wanachama waende kumtazama huko kana kwamba hajahama. Na maswali yarudiwe kila baada ya miezi mitatu, kwa kuwa mtu hupanda na kushuka.

Mzee mwenyewe aulizwe kabla ya wote. Jeanne Jugan aliwauliza wazee wake majina ya wafadhili wao kabla hajatwaa kikapu. Hakuwaamulia kama watoto. Wajumbe watakaoianza kazi hii waje na daftari kwenye mkutano ujao, nasi tutaandika jina la kila mzee pamoja na ngazi yake.